Rivyu: Imeili za shule ya binti yangu, nyota mbili kwa tano na moja ni ya huruma

Watu mnarivyu simu, mnarivyu chipsi kuku, mi leo narivyu kitu kinachonitoa hela kuliko simu yoyote niliyowahi kushika, imeili za shule anayosoma binti yangu. Ni inglishi midiamu ya hapahapa Dar, jina silitaji na msinichimbe, mtoto bado yupo pale darasa la nne na walimu wake kwa kufundisha sina neno nao. Ada 2,400,000 kwa mwaka, basi kando, chakula kando, sweta kando, na kwenye ile fomu ya kujiunga wameandika kabisa kwamba mzazi atapata taarifa zote kwa imeili. Sasa kama ni huduma na nimeilipia basi naruhusiwa kuionja nikasema chumvi imezidi.

Nipo nao tangu Januari 2023. Jumapili moja nilikuwa nimelala na malaria nikasema ngoja nizisome zote upya, zilikuwa 214. Malaria ilipona kabla sijamaliza.

Na kabla hamjasema huyu mzazi mjuaji, kazi yangu ni kliaringi bandarini, nashinda kwenye imeili kutwa nzima, na Kiingereza changu ni cha kuungaunga tu kama cha kwenu. Ila kazi ile imenifundisha adabu moja. Namba ya kontena ina herufi nne na tarakimu saba, ukikosea moja tu mzigo wa watu unalala, siku za bure zinaisha, storeji inaanza kuhesabika, na mwenye mzigo hataki kusikia kwamba ulikuwa na haraka. Kwa hiyo mi nikifungua imeili siangalii sarufi imekaaje, naangalia lini, wapi, shilingi ngapi, na nikikwama nimpigie nani. Katika zile 214, zenye vyote vinne pale vilipohitajika nilihesabu 37.

Iliyonifanya niwe mtu wa kuhesabu ilikuja Machi 2024. Mkutano wa wazazi, Jumamosi, Kiingereza kitupu, muda umeandikwa 3:00. Basi. Asubuhi hakuna, mchana hakuna. Mi nikaisoma Kizungu maana imeili yenyewe ni ya Kizungu, kwa hiyo saa tisa mchana, nikapanga siku yangu vizuri, nikamalizana na mteja saa saba, nikapita mahali nikala, nikafika getini saa tisa kasoro dakika kumi nimechomekea shati. Namkuta mlinzi anakula muhogo. Ananiangalia, anasema mzee, mkutano ule mbona umeisha tangu saa sita. Kumbe mwalimu aliyeandika kichwani mwake ilikuwa saa tatu, saa tatu yetu hii ya asubuhi, vidole vikaandika 3:00 na Kiingereza kikaendelea na safari yake. Tulikuwa wazazi kama kumi na tano pale getini jua linatuwakia, kuna baba alikuwa ametoka Kibaha na daladala mbili, na ndani ya mkutano huohuo tulioukosa ndo ilipitishwa sweta mpya na mchango wa safari ya Bagamoyo. Tumepitishiwa tukiwa tunakula wali.

Haikuishia hapo. Jumatatu wakatuma imeili ya kuomba radhi na kuweka mambo sawa, kwamba mkutano ulikuwa 3:00 AM. Saa tisa usiku! Yaani wazazi walikutana shuleni na kupitisha sweta muda ambao hata mbwa wa jirani amechoka kubweka. Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini, mi nilicheka kesho yake.

Hili jambo la saa nimelifikiria sana maana hakuna Mswahili asiyelijua. Sisi tunahesabu tangu jua linapochomoza, Mzungu anahesabu tangu katikati ya usiku, tofauti ni saa sita na mtoto wa darasa la pili anafundishwa hivyo, tena anafundishwa na hawahawa walimu, wanachora ile saa ubaoni na mishale yake. Lakini akikaa kuandika imeili anageuza maneno yote kuwa ya Kiingereza, saa anaisahau nyuma. Angeandika "saa tatu asubuhi" kwa lugha ya mama yake hakuna mtu angeliwa na jua siku ile.

Kwenye pesa ndo pabaya zaidi. Muhula wa pili mwaka huohuo walibadilisha akaunti ya benki. Ikaja imeili kutoka kwenye jimeili yenye manamba nyuma, jina la mwandishi hakuna, simu hakuna, nembo ya shule imevutwa mpaka imekuwa kama chapati, inasema kuanzia sasa ada zote zilipwe kwenye akaunti mpya ifuatayo haraka iwezekanavyo kuepuka usumbufu. Jamani. Nani nchi hii hajawahi kupokea "ile hela tuma kwenye namba hii"? Ilikuwa ileile, imevaa tai tu. Nikaifuta nikajipongeza. Wiki mbili baadaye mtoto anarudi nyumbani saa nne asubuhi na karatasi kwamba sijalipa. Nikaenda ofisini nimefura, mhasibu ananiambia lakini baba tuliwatumia imeili, nikamwambia ndiyo mlituma na kwa akili zangu timamu niliwaona matapeli. Nikamtolea simu aisome mwenyewe. Alisoma, akanyamaza, akasema kweli baba, hata mimi hii ningeogopa.

Ya Oktoba haikuchekesha mtu. Walituma orodha ya wanaodaiwa ada, faili la ekseli, jina la mtoto, darasa, jina la mzazi, namba ya simu, deni. Familia 61. Wakalituma kwa wazazi wa shule nzima, na anwani zetu wote zimeanikwa pale juu kama nguo kwenye kamba. Aliyetuma alitaka kumkumbusha kila mtu deni lake akabonyeza alivyobonyeza. Mimi muhula ule jina langu halikuwepo ila muhula wa nyuma yake lingekuwepo, kwa hiyo nilivyolifungua lile faili tumbo lilinishuka kama vile nimejikuta humo. Kuna mama huwa tunasalimiana getini, mtu mpole, anahangaika na biashara yake mwenyewe kulipa hiyo ada, deni lake lilionekana mpaka senti, na Jumatatu watoto wa darasa la sita wakawa wanamwita mtoto wake kwa lile deni. Muhula uliofuata hakuwepo. Nchi hii ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ya 2022, ikaanza kutumika Mei 2023, ina tume yake kabisa, sidhani kama kuna mtu pale ofisini ameshakalishwa chini akaambiwa. Afu kitu chenyewe ni kidogo, pale juu kuna sehemu ya kopi ya wazi na sehemu ya kopi ya siri, ukiweka anwani kwenye ile ya siri watu hawaonani, dakika moja umeshajifunza, na lile faili halikutakiwa kutoka kwa mhasibu kabisa. Basi na wazazi nao ndo wakaanza kujibu, kwa wote, imeili arobaini kwa usiku mmoja, mmoja anatukana, mwingine anamtuliza anayetukana, wa tatu anauza viwanja Kigamboni humohumo.

Lugha yenyewe sasa. Kiingereza chao mi nimeamua kukisamehe. Mwalimu kasoma msingi miaka saba kwa Kiswahili, anafika fomu wani anaambiwa kuanzia leo baiolojia ni Kiingereza, anakariri mpaka fomu foo, anakwenda chuo cha ualimu, anatoka anaajiriwa inglishi midiamu, huyo ukimkuta kasahau herufi umfanye nini. Kuna moja naitunza kwa mapenzi kabisa. Alitaka kusema shule itafungwa Ijumaa, ile "closed" akaiandika bila d ya mwisho, ukiisoma neno kwa neno inasema shule itakuwa karibu kuanzia Ijumaa. Nikasema afadhali isogee, maana foleni ya Mandela inatumaliza.

Kilichoniuma mimi ni Kiswahili. Maana zile chache zinazokuja kwa Kiswahili huwezi kuzitetea kwamba ni lugha ya kuja. "Tuna waomba wazazi mu wai." "Watoto waje na ela ya ospitali." Neno moja limekatwa vipande viwili kama muwa, h zote zimeondoka, na mahali pengine s imegeuka x kama mtoto wa fomu tuu anayemwandikia mpenzi wake. Kuna ile ya uchaguzi wa kamati, ikaandikwa kwamba Jumamosi kutakuwa na kula ya kumpata mwenyekiti wa wazazi. Sichezei lafudhi ya mtu hapa, hata kwetu wazee wangu r na l ni dada na kaka na hakuna anayekosa kuelewana, mdomoni ni sawa kabisa, mdomoni kuna macho na mikono ya kusaidia. Kwenye maandishi hakuna cha kukusaidia. Baba mmoja alikuja na familia yake yote watu sita, na hotipoti.

Na kinachonishangaza ni kwamba hawa ndo watu walionifundisha mimi na wewe kuandika barua. Nani amesahau? Barua rasmi, anwani mbili, ya mwandishi kulia ya mwandikiwa kushoto, tarehe, salamu, YAH, kichwa kwa herufi kubwa kimepigiwa mstari, mwili, mwisho wa barua, sahihi, jina, cheo. Ukisahau anwani ya pili unakatwa alama. Mi mwenyewe nilichapwa kwa kusahau kuweka nukta mwishoni mwa anwani, najua mtasema nadanganya. Tulifundishwa mpaka kuandika simu ya maandishi, ile ya kuhesabu maneno kwa sababu kila neno linalipiwa, BABA MGONJWA NJOO HARAKA, na mpaka leo nadhani lile ndo somo bora la uandishi nililowahi kupata maana lilikulazimisha kuamua ni neno gani mtu hawezi kulikosa. Sasa mwalimu huyuhuyu anayemkata binti yangu alama mbili kwa kukosa tarehe, ananitumia mimi imeili isiyo na tarehe, isiyo na salamu, isiyo na jina lake, kichwa cha habari kimeandikwa MUHIMU. Nina imeili 29 zinazoitwa MUHIMU. Moja ilikuwa inahusu chawa.

Mwisho wa muhula huja ripoti kwa imeili pia. Binti yangu mwaka juzi maoni ya mwalimu wa darasa yalimsifu kwa kuwa kijana mtiifu na kepteni mzuri wa timu ya mpira. Tulimwuliza, akasema labda ni wa dawati la nyuma. Kopi na pesti, haya tuendelee.

Kuna aina moja ya imeili siwapi hata nusu nyota, zile za usiku. Saa nne na dakika arobaini na saba usiku, mistari miwili, kwamba tabia ya mtoto wako hairidhishi hivyo unatakiwa kufika shuleni kesho bila kukosa. Basi. Nani kaandika hakuna, mtoto kafanya nini hakuna. Hebu fikiria uko kitandani. Mke wangu alishawasha taa, anataka kumwamsha mtoto amuulize kama kaiba, mi nawaza labda kapigana, labda kuna kitu kibaya zaidi ambacho mzazi wa mtoto wa kike hataki hata kukitamka. Hatukulala. Saa moja kamili asubuhi tupo ofisini wote wawili, mimi nimemwahirisha mteja, anakuja mwalimu, dada wa watu mstaarabu, anatusalimia shikamooni, anatukaribisha viti, anasema kwa upole kabisa, baba na mama poleni na usumbufu, mwenzenu jana alikataa kula makande akawaambia na wenzake wasile, anasema yana mawe. Nikauliza yana mawe kweli? Akacheka akasema baba, siku nyingine yanakuwa nayo.

Umeona? Dakika mbili za maneno ya mdomo tumeshaelewana na tumeshacheka. Huyohuyo. Ndo maana siamini kwamba hawa watu hawajui kusema jambo. Wanajua sana. Mtaala mpya ulivyoanza Januari 2024 na ile sera ya elimu toleo la 2023 inayosema elimu ya lazima ni miaka 10, sita msingi na minne sekondari, kila mzazi alikuwa na swali moja tu, wangu mimi anaishia la sita au la saba? Shule ikatuma pidiefu ya kurasa tisa, imeskaniwa kiubavu, megabaiti 18, bando langu lote likaishia kwenye kupindisha shingo, na humo jibu hakuna, kuna dira na dhamira. Jibu nikaja kulipata kwa mwalimu wa darasa tukiwa tumesimama getini, sentensi moja, anashika begi la mtoto wa mtu huku.

Sasa niwape haki yao, maana nimekaa nao nikauliza. Imeili hizi hazina mwenyewe. Akaunti ni moja, nenosiri wanalijua watu saba, mwenye nafasi ndo anaandika, na nafasi yenyewe ni mapumziko ya saa nne, kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, pembeni kuna madaftari 45 ya kusahihisha na andalio la somo linasubiri saini. Hakuna anayesoma kabla haijatumwa. Hakuna aliyewahi kufundishwa, chuo walisoma saikolojia ya mtoto na mbinu za kufundishia, kumwandikia mtu mzima mwenye wasiwasi na hela zake hawakufundishwa. Kwa hiyo anachukua barua ya mwaka jana anabadilisha anachokumbuka kubadilisha, ndo maana Januari 2025 tulialikwa kwenye mahafali ya Novemba 2023.

Na kuna amri kwamba kila kinachotoka shuleni kitoke kwa Kiingereza. Mkurugenzi anaamini mzazi akiona Kiswahili atasema hela yake imeliwa. Pale ndani kuna kibao kinamkataza mtoto asiongee Kiswahili, mwalimu naye anaishi chini ya kibao hichohicho, utamwambiaje aandike kwa raha? Tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani, hii iliyotangazwa na UNESCO 2021, shule ilituma imeili ya kutupongeza wazazi kwa kukienzi Kiswahili. Aya tatu za Kiingereza. Neno la Kiswahili lilikuwepo moja, "Karibuni", na hatukuwa tumealikwa popote.

Tangu mwaka huu uanze mambo yamebadilika ghafla, mtu kagundua akili mnemba. Imeili zimenyooka utadhani zimepigwa pasi. Inaanza kwa kunitakia afya njema mimi na familia, inanishukuru kwa ushirikiano wangu usioyumba (nimeyumba mara nyingi tu), inazungumzia safari ya pamoja ya malezi, ukifika aya ya nne ukiwa umechoka ndo unakutana na kwamba kesho shuleni hakuna maji, watoto waje na chupa. Kuna moja ilikuja bado ina mabano mraba pale juu, weka jina la mzazi hapa. Mi nilidhani zile za zamani ndo mbaya, kumbe zile angalau ukipiga simu kuna mtu anakumbuka kuandika. Hizi mpya nikipiga, mwalimu mwenyewe anaanza kuisoma upya aone alinitumia nini. Makosa ya herufi yameisha, lini na wapi na shilingi ngapi bado tunavitafuta. Kwa hili nilitaka kushusha nyota nikaacha, maana saa wanaandika vizuri sasa, ile mashine inaweka asubuhi na mchana.

Nyota tano ninazo na nimempa mtu. Ni dada wa basi namba 4. Huyu si mwalimu, kazi yake kuwashika watoto mikono wakivuka na kuhakikisha aliyepanda ndo anashuka. Siku moja Mei basi lilipata pancha maeneo ya Tabata Dampo, mvua inanyesha, saa kumi na moja jioni, watoto ishirini na kitu ndani. Kabla hata hatujaanza kuulizana ikaingia meseji, nainakili kama ilivyo: "Wazazi shikamooni. Basi limepata pancha Tabata Dampo. Watoto wote 23 wapo ndani hawajalowa. Fundi ameshafika. Tutachelewa dakika 40. Wa kwangu ni huu huu namba mtu akitaka aongee na mtoto wake apige." Nikapiga, nikaongea na binti yangu, alikuwa anaimba. Ukitaka kuikosoa "huu huu namba" endelea, mi ile meseji nimeifanyia skrinishoti na nimewaonyesha vijana wangu wawili ofisini, nikawaambia mteja akiwa na mzigo uliokwama muandikieni hivi. Wapi, hali ikoje, nini kinafanyika, mpaka saa ngapi, nani wa kumpigia. Kila alichojibu ndicho nilichokuwa nataka kuuliza, na alikuwa amesimama kwenye matope.

Kwa wazazi wengine wa shule za namna hii, njia yangu mimi ni kwamba nikipokea imeili simpigii aliyeandika maana hajulikani, nampigia sekretari, yule mama ana kipaji cha kutafsiri, unamsomea mstari anakwambia hapo baba wamemaanisha kesho siyo Jumatano, na shati liwe jeupe. Bila yeye nyota ingekuwa moja.

Mwezi uliopita nikaona nisiwe mtu wa kulalamika pembeni, nikamtafuta mwalimu mkuu kwa simu. Nilijiandaa kubishana. Akanisikiliza, hakunikatiza hata mara moja, nilipomaliza akasema mzazi umesema kweli na mengine hata mimi yananiaibisha. Tukaongea dakika ishirini na tano. Alinieleza kwa mpangilio mzuri sana, kwamba kuanzia muhula ujao imeili zitakuwa na mtu mmoja, zitasomwa na mwingine kabla ya kutoka, zitatumwa kwa Kiswahili na Kiingereza, zikiwa za pesa zitakuwa na jina na simu ya mhasibu, na orodha za madeni hazitatumwa tena, kila mzazi atapigiwa. Kiswahili chake ni cha Tanga, kinateleza, hakurudia neno. Nikamshukuru, nikamwambia mwalimu haya ungeyaandika wazazi wote wayaone. Akasema bila shaka, nakutumia wewe kwanza kwa imeili kuthibitisha tuliyozungumza.

Ikaja siku ya tatu. Mstari wa kwanza, "Husika na kichwa cha habari hapo juu."

Hapo juu hapakuwa na kichwa.